Kalenda ya Vifungu 30: Inahesabu Vizuri Mwaka Mzima, Isipokuwa Desemba

Kalenda ya Vifungu 30 ya ukutani ni shilingi 15,000, ya mezani 8,000, na zote mbili zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ofisi Kariakoo na Posta, Dar es Salaam. Mwaka wake hauanzi Januari. Unaanza tarehe 10 Desemba 2025 na kuishia tarehe 9 Desemba 2026, umegawanywa karatasi 12 zenye siku 30 kila moja, kisha siku tano za nyongeza. Kila siku ya karatasi hizo 12 imebeba kifungu kimoja cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lile lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, nchi nane zikijizuia na hakuna hata moja iliyopinga. Tamko lina vifungu 30 na karatasi ina siku 30, kwa hiyo siku ya 5 ni kifungu cha kupinga mateso, siku ya 13 uhuru wa kwenda utakako, siku ya 26 elimu, na mzunguko huohuo unarudi kila karatasi.

Ukiinunua kama pambo la sebuleni, kuna kalenda za mito na milima zenye picha bora kwa nusu ya bei. Hii inastahili pesa yake kwa sababu moja: inahesabu siku za kisheria vizuri kuliko kalenda yoyote iliyopo sokoni. Waandaaji wenyewe wamelisema jambo hilo kwa mstari mmoja tu nyuma ya jalada, wakati lilipaswa kuwa mbele kwa herufi kubwa.

Sheria nyingi zinazomgusa mtu wa kawaida zinatoa siku 30, 60 au 90. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine ya kikazi, kama mishahara isiyolipwa, ina siku 60. Mtoto anapozaliwa, mzazi ana siku 90 za kumsajili kabla usajili haujahesabiwa kuwa umechelewa. Kwenye kalenda ya kawaida, siku 30 kutoka katikati ya Januari na siku 30 kutoka katikati ya Februari haziangukii tarehe zinazofanana, na hapo ndipo watu wanapoteza haki zao kwa siku moja au mbili. Kwenye kalenda hii huna haja ya kuhesabu kitu. Unafunua karatasi moja mbele na kutazama kisanduku kilekile.

Chukua mfano. Mtu kaachishwa kazi Jumatano, 15 Aprili 2026. Kwenye kalenda hii hiyo ni karatasi ya 5, siku ya 7. Funua moja: karatasi ya 6, siku ya 7, ni Ijumaa 15 Mei, na hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kufikisha fomu namba 1 ya CMA, kwa kuwa siku yenyewe ya tukio haihesabiwi. Mtoto aliyezaliwa tarehe hiyohiyo, funua tatu: karatasi ya 8, siku ya 7, 14 Julai. Hesabu hizi ukizipitia kwa kidole kwenye kalenda ya benki utapata jibu hilohilo, ila utakuwa umepitisha kidole kwenye visanduku 90, na mtoto analia pembeni.

Rufaa ya jinai kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu inataka taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na hati ya rufaa ndani ya siku 45. Hizi hazilingani na kufunua karatasi, lakini visanduku vimepangwa sita kwa safu, safu tano, kwa hiyo siku 10 ni safu moja na visanduku vinne. Siku 45 ni karatasi moja, safu mbili na visanduku vitatu. Ukishafanya mara mbili, jicho linazoea. Kumbuka pia kwamba muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu hauhesabiwi ndani ya zile 45, hivyo andika kwenye kisanduku tarehe uliyoomba nakala na tarehe uliyoipata. Nafasi ya kuandika ipo: kila kisanduku kina upana wa milimita 66 na urefu wa 40.

Sasa ubaya wake mkubwa, na usiinunue kabla hujauelewa.

Siku tano za nyongeza, yaani Desemba 5 hadi 9, zinakaa kati ya karatasi ya 12 na mwaka mpya. Waandaaji wamefanya jambo la maana kuchapa karatasi ya kwanza ya mwaka unaofuata kwa umbo dogo, chini ya zile siku tano, ili mtu aendelee kuhesabu. Ila hawakuandika popote kwamba ukivuka hapo lazima uondoe siku tano. Mtu akiachishwa kazi Jumatano, 18 Novemba 2026, yuko karatasi ya 12, siku ya 14. Akifunua kama alivyozoea, atatua kwenye siku ya 14 ya mwaka mpya, yaani 23 Desemba. Muda wake ulikwisha Ijumaa, 18 Desemba, ambayo ni siku ya 9. Amechelewa siku tano, na sasa inambidi aanze na fomu namba 2 ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji, aeleze kila siku iliyopita, na hana uhakika wa kukubaliwa. Kalenda ya haki za binadamu inayomchelewesha mtu kudai haki ni aibu, na dawa yake ilikuwa sentensi moja.

Kwa hiyo ukishainunua, kabla hujaitundika, chukua kalamu nyekundu na uandike juu ya karatasi ya 12: «Kuanzia hapa kwenda mwaka mpya, toa 5.» Andika hivyo pia juu ya karatasi ya 11 kwa ajili ya siku 60, na ya 10 kwa ajili ya siku 90. Mwaka unaoanza Desemba 2027 utakuwa na siku sita za nyongeza badala ya tano, kwa sababu Februari 2028 ina siku 29, na utatoa 6.

Tatizo la pili ni majina ya miezi. Karatasi zimeandikwa «Mwezi wa 1», «Mwezi wa 2», mpaka «Mwezi wa 12». Hapa mjini mwezi wa tano ni Mei, basi. «Mwezi wa 5» wa kalenda hii unaanza 9 Aprili na kuisha 8 Mei. Ukimwambia fundi «njoo tarehe 20 mwezi wa tano» huku unasoma ukutani, wewe unamaanisha Aprili 28, yeye atakuja Mei 20, na mwenye nyumba wako ndiye asiyepokea longolongo za namna hiyo kabisa: kodi ya pango, mshahara na marejesho ya mkopo vyote vinakwenda kwa mwezi wa kawaida. Herufi A hadi L zingemaliza utata wote. Tarehe za kawaida zimechapwa, lakini kwa rangi ya kijivu, pembeni ya kisanduku, ndogo kiasi kwamba chini ya taa ya tyubu mtu mzima anasogea mpaka pua iguse karatasi. Namba ya kifungu ndiyo imepewa ukubwa. Ingepaswa kuwa kinyume, au angalau sawa.

Kwenye wiki, waandaaji wameshinda pale ambapo wengi waliwatangulia na kuanguka. Wafaransa walipotunga kalenda yao ya mapinduzi mwaka 1793 nao walichukua miezi 12 ya siku 30 na siku tano au sita za ziada, lakini walivunja wiki ya siku saba na kuweka ya siku kumi. Mfanyakazi aliyekuwa akipumzika siku moja katika saba akawa anapumzika moja katika kumi. Ilifutwa mwishoni mwa 1805. Wasovieti mwaka 1929 walileta wiki ya siku tano ya zamu, baba anapumzika leo, mama kesho, watoto keshokutwa. Mwaka 1940 wakarudi kwenye siku saba. Hata mpango wa Elisabeth Achelis wa Marekani, ulioanza kupigiwa debe mwaka 1930 na kufika mpaka Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1950, uliangukia palepale: ulikuwa na siku moja ya mwisho wa mwaka isiyo Jumatatu wala Jumanne wala siku yoyote, na watu wa dini wakauliza, swali la haki kabisa, Sabato yao itahesabiwaje baada ya siku isiyo na jina.

Kalenda hii haijagusa wiki. Desemba 10, 2025 ni Jumatano kama ilivyo kwa kila mtu, na hata siku tano za nyongeza zina majina yake, Jumamosi hadi Jumatano. Ijumaa ni kijani, Jumamosi bluu, Jumapili nyekundu, na zote tatu zina ukubwa sawa, kwa hiyo Mwislamu, Msabato na Mkristo wa Jumapili kila mmoja anaiona siku yake bila kutafuta. Kifungu cha 18 kinahusu uhuru wa dini na hapa kimeheshimiwa kwa vitendo. Gharama yake ni kwamba kwa kuwa safu ina visanduku sita na wiki ina siku saba, Ijumaa hazikai kwenye mstari mmoja wa kushuka. Zinateremka kwa mshazari, kila wiki safu moja chini na kisanduku kimoja kulia. Siku za mwanzo inasumbua. Anayepanga ratiba ya darasa au ya zamu za walinzi asijisumbue nayo, achukue toleo la mezani, lenye safu za siku saba.

Sikukuu zimewekwa kwa uangalifu. Idi zimepewa visanduku viwili vyenye mwezi mwandamo badala ya tarehe moja ya kulazimisha; kwa Idd el Fitr ni 20 na 21 Machi. Na kuna mikutano ya tarehe na vifungu ambayo hakuna aliyeipanga, imetokea tu kwa hesabu. Mei Mosi inaangukia siku ya 23, na kifungu cha 23 ndicho cha haki ya kufanya kazi na kulipwa ujira wa haki. Mwaka mrefu wa 2028 itasogea mpaka siku ya 24, kifungu cha mapumziko na likizo yenye malipo. Juni 13, siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino, ni siku ya 6: haki ya kila mtu kutambuliwa mbele ya sheria kuwa ni mtu. Waandaaji wameyazungushia mstari wa dhahabu haya mawili ya mwaka huu na wakaishia hapo, vizuri. Mengi mengine hayakutani. Siku ya Muungano iko juu ya kifungu cha dini, na Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, Mei 3, iko kwenye kifungu cha chakula na matibabu. Kulazimisha maana kila mahali kungeharibu.

Mahali pa kuwa makini zaidi ni pale chini ya kisanduku palipoandikwa ibara za Katiba ya Tanzania zinazolingana na kifungu husika. Wazo ni zuri, kwa sababu mahakamani utataja Katiba, ambayo haki hizi ziliingizwa mwaka 1984, wala si Tamko. Lakini namba hazilingani, na kuna jozi inayochanganya kuliko zote: kifungu cha 18 cha Tamko ni dini na cha 19 ni maoni, ilhali ibara ya 18 ya Katiba ni maoni na ya 19 ni dini. Zimepishana. Kazi katika Katiba ni ibara ya 22, ujira wa haki ibara ya 23. Katika Tamko vyote viko kifungu cha 23. Mali ni kifungu cha 17 huku, ibara ya 24 kule. Kalenda imeziandika sahihi zote, ila kwa herufi «K» na «T» zenye rangi moja. Mwanafunzi wa sekondari akinakili harakaharaka ataandika kinyume. Rangi mbili zingetosha.

Kwa siku tano za nyongeza wamechukua haki za watu kwa pamoja kutoka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Huko ni vifungu 19 hadi 24, sita kwa jumla, vinavyotosha kabisa mwaka mrefu lakini mwaka wa kawaida kimoja kinabaki nje. Haki ya watu kujiamulia mambo yao wameiweka Desemba 9, Siku ya Uhuru, na hapo hakuna wa kubisha. Kilichoachwa ni cha 24, cha mazingira yanayofaa. Katika jiji ambalo Jangwani ikijaa maji barabara ya Morogoro inakatika, kukiacha hicho mpaka 2028 ni uamuzi wa ajabu. Usawa wa watu wa kifungu cha 19 ungeweza kukaa kisanduku kimoja na cha 20.

Kila Jumapili kuna kijisanduku cha saa za kazi za wiki, chenye mstari mwekundu kwenye 45, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha wiki kwa sheria ya ajira ya 2004. Mwenye kukijaza kwa uaminifu atakuwa na kumbukumbu ya maana siku ya kudai malipo ya saa za ziada, yanayotakiwa yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, kwa hiyo jumlisha Jumapili nne mfululizo bila kujali karatasi inaishia wapi. Likizo ya mwaka ya siku 28 na ya uzazi ya siku 84 zote zinagawanyika kwa saba: likizo ikianza Jumatatu, Jumatatu ya kurudi kazini ni ya wiki ya nne au ya kumi na mbili mbele.

Uchapaji ndio umepewa nguvu kidogo. Karatasi ni ya kung'aa, gramu 150, na wino wa biro hautulii juu yake. Ukipitisha mkono umefutika. Kwa kalenda ya kuandikia, karatasi isiyong'aa ya gramu 120 au 130 ingefaa zaidi na ingekuwa nafuu. Tumia kalamu ya wino wa kudumu yenye ncha nyembamba, usubiri sekunde kadhaa kabla ya kufunua. Unyevunyevu wa pwani unakunja pembe za chini, hasa jikoni na karibu na dirisha. Kibanio kimoja kila pembe kinatosha. Ringi ya waya juu ni imara, lakini ndoano ya kati ni nyembamba, na karatasi 14 za A3 za uzito huo zina mzigo. Itundike kwenye misumari miwili, ukipitisha uzi ndani ya ringi pande zote mbili. Rangi nyekundu ya Jumapili ndiyo inayopauka kwanza ikipigwa na jua, kwa hiyo ukuta unaopata jua la mchana uuache.

Kuna msimbo wa kupiga picha kwa simu unaoleta faili la tarehe. Faili linafanya kazi, lakini halina zile ibara za Katiba wala kijisanduku cha saa, na kwa simu kuhesabu siku 30 hakukuwa tatizo tangu mwanzo.

Toleo la mezani lina ukubwa wa nusu ya A4, safu za siku saba, na karatasi isiyong'aa inayopokea biro vizuri. Limepoteza ule urahisi wa kutazama kisanduku kilekile, kwa kuwa siku ya 7 inahama mahali kila karatasi. Utafuata namba, si mahali. Wasaidizi wa kisheria, maofisa wa vyama vya wafanyakazi na wenye ofisi za msaada wa sheria wachukue ya ukutani. Mwalimu na mwenye duka, ya mezani. Mwenye nafasi ya zote mbili aandike «toa 5» kwenye zote mbili, maana ya mezani nayo haikuandika.